Mwembe unaokauka usipompigia mama: nitengeneze programu hii?

*"Naandika programu za simu hapa Dar es Salaam. Tumezaliwa wanne: mimi, dada anayefanya kazi Dubai, kaka yuko Mwanza, na mdogo wetu wa mwisho amebaki Same na mama. Baba alishafariki. Zamani tulikuwa tunapiga simu nyumbani kila Jumapili, siku hizi inapita hata wiki tatu. Nimebuni programu ya kuchezacheza: kila mtoto ana mwembe wake kwenye simu. Ukimpigia mama, programu inasoma orodha ya simu zako, inakupa pointi na mwembe unazaa. Ukikaa siku nyingi bila kupiga, majani yanakauka. Kuna msimamo kama wa ligi, na anayeongoza mwisho wa mwezi anachangiwa bando na wenzake. Mama anatumia kitochi. Kila ninayemwonyesha anacheka na kusema ataipakua. Nifanyeje watu waizoee wasiiache baada ya wiki mbili? Na simu moja iwe na pointi ngapi?"*

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika si swali la pointi. Ni ile sentensi uliyoipita haraka: siku hizi inapita hata wiki tatu. Mwembe umeueleza tawi kwa tawi, lakini kwa nini Jumapili zilikatika hukusema. Nadhani unaona jibu linajulikana: watu wamebanwa na kazi, wanasahau, kwa hiyo wanahitaji kukumbushwa, na ukumbusho wenye mchezo ndani yake hautamkera mtu. Mimi nimebuni programu za simu kwa miaka 13. Mbili zilikuwa za familia, na zote mbili tulizijenga juu ya imani hiyohiyo. Moja imekufa. Nyingine ipo hai kwa sababu tuliibomoa na kuijenga upya mpaka haikufanana tena na tulichoanza nacho.

Tuanze basi na hilo la kusahau. Mtu mzima hamsahau mama yake. Wakati wa majaribio ya ile programu ya kwanza nilikaa mgahawani na kijana mmoja aliyekuwa anakula wali na maharage. Simu ikaita, kwenye kioo ikaandika MAMA. Akaitazama mpaka ikakatika, kisha akaigeuza kifudifudi mezani. Nikamuuliza kulikoni. "Leo tarehe 19," akasema, akaendelea kula.

Hakuhitaji kuongeza neno. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, simu unayomsalimia nayo mama ndiyo hiyohiyo pochi yako. Zamani pesa ya nyumbani ilipanda basi kwenye bahasha, au ilimsubiri mtu anayekwenda. Ilikuwa na safari yake, na salamu ilikuwa na yake. Sasa vyote viwili viko kiganjani, na baada ya "shikamoo mama, mmeamkaje" huja ukimya mfupi ambao pande zote mbili zinajua ni wa nini. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi. Mtoto asiye na kitu tarehe 19 anaahirisha simu hadi mshahara utoke, mshahara unatoka na madeni yake, na wiki tatu zimeshapita.

Mama naye ana upande wake. Akipiga, anahofia mtadhani anaomba. Kwa hiyo anabipu mara moja, anaacha. Mtafiti Jonathan Donner aliandika kuhusu kanuni za kubipu mwaka 2007 kutokana na mahojiano aliyofanya Rwanda, na miongoni mwazo imo ile ambayo sisi sote tunaijua bila kufundishwa: mwenye uwezo ndiye anayepiga. Mama akibipu anakuachia gharama, na anakuachia pia uamuzi. Usipopiga, yeye hakuomba na wewe hukumnyima. Ni ustaarabu mkubwa, ila una uwezo wa kumeza mwezi mzima bila mtu yeyote kukosea.

Sasa upande mwembe wako katikati ya hali hiyo. Mfuko umekauka, kijana anafungua simu, anakuta na majani nayo yamekauka. Programu imemkumbusha jambo ambalo hakulisahau hata kidogo, na imemwongezea aibu juu ya ile aliyokuwa nayo. Akiaibishwa na shangazi atavumilia, maana shangazi ni damu. Programu ataifuta, tena kwa sekunde mbili. Hiyo ndiyo "baada ya wiki mbili" unayoiogopa, na hakuna rangi ya majani itakayoizuia.

Kuhusu pointi, jibu langu ni sifuri. Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo wabunifu wengi wazuri huteleza.

Kuna utafiti maarufu uliofanyika Haifa, Israel, katika vituo 10 vya kulelea watoto mchana, ukachapishwa mwaka 2000 na Uri Gneezy na Aldo Rustichini. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto jioni. Vituo 6 vikatangaza faini ndogo, shekeli 10 kwa kila kuchelewa. Ungetegemea wachelewaji wapungue. Waliongezeka, karibu mara mbili. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alilazimika kumtazama machoni mwalimu aliyebaki kwa ajili ya mwanawe. Baada ya faini, kuchelewa kukawa huduma yenye bei, na bei yenyewe nafuu. Cha kusikitisha zaidi ni kilichofuata: faini ilipoondolewa, wazazi hawakurudi kwenye adabu yao ya mwanzo. Kitu kikishapangiwa bei, kuirudisha heshima yake ni kazi.

Ukimpa kaka yako pointi 10 kwa kumpigia mama, na wewe umepanga bei. Akifikisha pointi 200 tarehe 20 atapumzika kwa dhamiri safi, ameshalipa. Upande wa zawadi nao una ushahidi wake wa zamani. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi, wakawaahidi baadhi yao cheti wakichora. Walipoachwa huru siku nyingine, walioahidiwa cheti walichora kidogo kuliko ambao hawakuahidiwa kitu. Kabla ya cheti walichora kwa kupenda. Bando lako la mwisho wa mwezi ndilo cheti hicho.

Tena wataichezea. "Shikamoo mama, hamjambo wote? Haya, nitapiga baadaye." Sekunde 14, pointi 10. Utaweka kanuni kwamba simu isipungue dakika mbili, nao watamwachia mtoto simu achezee huku mama anasema haloo, haloo. Nimeipita njia hiyo, sikutanii. Ukianza kuwafanyia ndugu zako ukaguzi, hutafika mwisho. Watumiaji wa Snapchat wanaujua ule mfululizo wa siku unaohesabiwa kwa alama ya moto: kuna vijana waliokuwa wanatumiana picha ya dari au giza tupu ili namba isikatike, na wengine waliwaachia marafiki nywila zao walipokwenda mahali pasipo na mtandao. Namba ilikua, na ndani yake hamkuwa na neno hata moja.

Lakini kati ya yote uliyoandika, kilichonikera ni msimamo wa ligi. Samahani kwa ukali. Mdogo wenu wa mwisho hapigi simu kwa sababu yuko ndani ya nyumba. Yeye ndiye anayechota maji, anayempeleka mama kliniki, anayejua goti gani linauma mvua zikikaribia. Kwenye ligi yako ana sifuri, atashuka daraja. Dada wa Dubai mwenye mshahara wa kueleweka ataongoza msimu mzima. Ndugu wanne ambao mpaka sasa hawajawahi kulinganishana waziwazi watakuwa na jedwali la kuwalinganisha, mfukoni, saa 24. Nimeona ukoo ukinuniana kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Na hata kama yote hayo ungeyakubali, simu yenyewe itakukatalia. Tangu mwaka 2019 Google imebana ruhusa ya kusoma orodha ya simu: duka lake la programu linaikubali hasa kwa programu ambayo mtumiaji ameichagua iwe ndiyo ya kupigia simu, na misamaha ni michache. Ya miembe haitapita. Kwenye iPhone hakuna mlango wa kuingilia orodha hiyo kabisa. Simu za WhatsApp nazo programu yako haitazijua. Kumbuka pia kwamba Umoja wa Falme za Kiarabu kwa miaka mingi umezuia simu za sauti na video za WhatsApp, kwa hiyo dada yako huenda anahangaika na njia za pembeni au analipia simu za kawaida kwa dirhamu. Ujumbe wa sauti, ule wa kurekodi na kutuma, unapita. Ushike huo ujumbe wa sauti, tutaurudia.

Je, mchezo usiwepo? Uwepo, tena mwingi. Kosa ni kuuweka mchezo nje ya mazungumzo, ukakaa pembeni na daftari unahesabu. Mchezo ungekuwa ndio mazungumzo yenyewe. Na wala hatuhitaji kuuagiza kutoka mbali, maana umekuwepo barazani kabla ya umeme:

Kitendawili!

Tega.

Kuku wangu katagia mibani.

Anayejua atasema nanasi. Asiyejua ataambiwa "nipe mji", naye atatoa mji: chukua Kigoma. Hapo mtegaji anasafiri, anasimulia alivyopokewa Kigoma, alichokula, aliyekutana naye, ndipo anafungua fumbo. Hebu utazame kwa jicho la mbunifu. Una zamu, una swali linalobaki wazi likimkereketa mtu mpaka alijibu, una malipo ya kushindwa yasiyogharimu senti, na malipo hayo ndiyo yanayozaa hadithi. Ningepewa mwaka mzima wa kubuni nisingefika hapo.

Hiki ndicho kilichoiokoa programu yetu ya pili. Mjukuu wa miaka 9, yuko Dar es Salaam, alimtegea bibi yake hicho cha kuku kwa ujumbe wa sauti. Bibi nanasi analijua tangu hajaota meno. Akakaa kimya kidogo, akatucheka sisi tuliokuwa tumemzunguka, akarekodi: "Umenishinda, mume wangu. Chukua Kigoma." Alijifanya ameshindwa ili mtoto asafiri. Mtoto akasafiri kweli: kakaribishwa ugali kwa migebuka, kaona ziwa, kalala. Kumbe bibi aliwahi kwenda Kigoma na marehemu mumewe kwa treni, na jibu lake likaanza hivi: "Hukuniambia, ulipanda treni au basi?" Likaendelea kwa dakika sita. Mama wa yule mtoto alikuwa amesimama jikoni na mwiko mkononi. Hadithi ya treni hakuwahi kuisikia.

Tazama kilichotokea kwenye ile aibu ya tarehe 19. Yule mtoto hakuja mikono mitupu, amekuja na kitendawili. Halafu mjukuu hana deni la pesa, hakuna anayesubiri kitu kutoka kwake, ndiyo maana simu yake ni nyepesi. Na kati ya babu au bibi na mjukuu kuna utani uliohalalishwa, wa mume wangu na mchumba wangu, ambao wewe na mama yako hamna. Kama kaka yako au dada yako ana watoto, waweke wao mbele. Wewe na wenzako mtaingia kwa kuchungulia, kama yule mama wa mwiko.

Ukitaka kitu cha kukusanya, kwa sababu watu hupenda kukusanya, kusanya miji. Weka ramani ambapo kila mji uliotolewa unawaka taa, na ukiugusa unasikia safari iliyosimuliwa. Usihesabu nani ana mingi. Ramani iwe moja, ya ukoo mzima. Taa isizimike kwa sababu mtu amekaa kimya. Mji ukishatolewa umetolewa. Mdogo wenu wa Same naye anapata kazi yenye heshima: yeye ndiye sikio la mama, anayemshikia simu, na sauti yake imo kwenye kila safari. Mama akisimulia Kipare, ni Kipare. Sauti haihitaji tafsiri wala tahajia, na hiyo ni sababu nyingine ya kuachana na maandishi.

Gharama isikutishe. Sauti ya maongezi iliyobanwa kwa kilobiti 16 kwa sekunde, na kwa kiwango hicho inasikika safi, inakula takriban kilobaiti 120 kwa dakika. Picha moja ya simu janja yenye megabaiti 2.4 ni sawa na dakika 20 za kumsikiliza mama.

Sasa kitochi. Umekitaja kama kikwazo kidogo, ilhali ndicho kinachoamua programu iwe ya namna gani. Njia ninazoziona ni tatu, na hakuna isiyo na kasoro. Ya kwanza ni kumnunulia mama simu janja ya bei ya chini. Inaonekana rahisi mpaka ukumbuke chaji: kitochi kinakaa siku nyingi, simu janja itataka umeme kila jioni, na itataka bando ambalo lazima mtu alinunue kila wiki. Ya pili ni kutegemea simu ya mdogo wenu. Inafanya kazi, nayo ndiyo ningeanza nayo, ila siku akisafiri kwenda Moshi mchezo umelala, na kuna mambo mama hatayasema mbele ya mwanawe.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, na ndiyo ghali kwako: mama anabipu namba ya programu, mtambo unakata na kumpigia. Anasikia sauti ya mjukuu ikitega. Anabonyeza 1 kujibu, 2 kusikia tena, 3 kutoa mji. Kwake haina gharama, na adabu ya kubipu aliyoizoea imegeuka kitufe cha kuanzia. Makampuni yanayounganisha programu na mitandao ya simu, kama Africa's Talking, huuza huduma za namna hii. Waulize kwanza kama huduma ya sauti, na si ujumbe mfupi tu, inapatikana kwa mitandao ya Tanzania na kwa bei gani kwa dakika. Uliza kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu. Kila dakika mama anayosimulia unailipia wewe, na treni ya Kigoma ni dakika sita.

Kuna vitu vidogo ambavyo hutaviona ukiwa Dar es Salaam. Kitufe cha kubonyeza na kushikilia ili kurekodi kiache. Tulipata rundo la ujumbe wa sekunde moja, "mwana...", kwa sababu vidole vya watu wazima vinateleza, na vidole vilivyokomaa kwa jembe mara nyingine kioo havivisikii. Gusa kuanza, gusa kumaliza, kitufe kiwe kikubwa kama kifuniko cha chupa. Saa nayo. Simu inaandika 20:00, mama anasema saa mbili. Toleo letu la kwanza liliandika "saa 8 usiku" likimaanisha saa mbili, na mzee mmoja alikesha akiisubiri simu ya mwanawe. Panga saa zako zianzie alfajiri kama tunavyozihesabu, au usitaje saa kabisa, sema baada ya chakula cha usiku.

Arifa, chache mno. Kwanza tangu Android 13 ya mwaka 2022 mtumiaji lazima akuruhusu kumtumia, na akikataa umekwisha. Pili, simu nyingi za bei nafuu tunazotumia huku zinaua programu zinazofanya kazi chinichini bila kufunguliwa ili kutunza chaji, kwa hiyo ukumbusho wa saa mbili unaweza kufika saa tano mtu ameshalala. Mimi ningebakiza arifa moja tu: bibi ametega. Hiyo mtu ataifungua, kwa sababu imebeba sauti ya bibi.

Na weka kitufe cha kunyamazisha kila kitu kwa familia nzima, kinachoweza kubonyezwa na mmoja wao yeyote. Ile programu yetu iliyokufa ilikuwa na ua lililonyauka, binamu wa mwembe wako. Siku moja simu ya mtumiaji wetu ilitetemeka akiwa amekaa kwenye mkeka, matanga ya baba yake yana siku ya pili: "Baba anakumiss! Siku 9 hujampigia." Alitutumia picha ya kioo bila maneno yoyote. Wiki hiyo tulizima mtambo, na sikuwa na hamu ya kuuwasha tena. Sauti za marehemu nazo usizifute, wala usizicheze zenyewe. Ziache mahali pake mpaka mwenye uchungu azitafute.

Swali la biashara nitalipita haraka. Watu kucheka na kusema watapakua hakuna maana yoyote, mimi pia ningecheka, mwembe ni wazo la kuchekesha. Usiache kazi. Anza bila programu kwa wiki nne, ukitumia kundi la WhatsApp la ndugu wanne na watoto wao, mdogo wenu akimshikia mama simu, na wewe ukiwa ndiye mtambo kwa mikono yako: unaandika miji kwenye daftari, unachora ramani kwa kalamu. Usihesabu ujumbe umetumwa mara ngapi. Hesabu mara ambazo mama ametega yeye mwenyewe bila kuombwa. Ikifika mara tatu kwa wiki una kitu cha kujenga. Isipofika, umepoteza daftari moja.

Kuna mambo yanayohitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana, siyo mimi. Ukifungua programu kwa familia nyingine utakuwa unakusanya sauti, namba na sauti za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakutaka ujisajili kwa Tume inayoisimamia, na Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Tafuta mwanasheria anayezijua kabla ya kumpa jirani programu hiyo, si baada.

Kama Jumapili zilikatika kwa sababu ambayo hukuniandikia, labda shamba la baba halijagawanywa, au kuna neno lilisemwa msibani, vitendawili havitaligusa. Hilo ni la kikao, wazee wakiwepo, na nauli ya kwenda Same.

Na msikilize mama kwa makini mchezo ukishaanza. Mtu mzima kusahau jibu la fumbo ni kawaida. Lakini akitega kitendawili kilekile mara tatu jioni moja bila kujua, akianza kuchanganya majina ya watoto wake, au mtu aliyekuwa mcheshi akakosa hamu ya kujibu kwa wiki kadhaa, usiongeze vitendawili. Mwambie mdogo wako ampeleke hospitali, na wewe uende ukasikie mwenyewe daktari anasema nini.

Kwa leo unaweza kuanza na hiki: popoo mbili zavuka mto. Mtumie kupitia simu ya mdogo wako, mama akishamaliza kula. Akikupa mji kirahisi sana, jua jibu analo.